Maiti Mwenye Masikio

Machi 3

Mimi ndiye maiti bora kuliko maiti wote waliowahi kulala chini, wa kweli na wa kuigiza. Wale wa kweli wanapendelewa, maana wamekufa, hawana la kufanya. Mimi nina pumzi, nina mafua, nina inzi aliyeamua kutembelea pua yangu, na bado hakuna wa kuniambia sijafa. Leo nimekufa mara tisa kabla ya chakula cha mchana, na kila mara nimekufa vizuri kuliko iliyotangulia. Nikizeeka watanitafuta dunia nzima: yuko wapi yule kijana aliyejua kufa?

Daftari hili kanipa dada yangu. Ndiye aliyenilea, kwa hiyo anajiona ana haki ya kunitukana. Anasema shule ilinishinda, basi angalau mkono usisahau kalamu. Shule haikunishinda. Tuliachana kwa amani.

Kazi yenyewe ni hii. Inatengenezwa filamu ya upelelezi kutoka kwenye riwaya ya zamani, ile dada aliyosomeshwa shuleni. Mambo ya enzi za babu zetu: kandili, kofia, baiskeli nzito kama jiwe la kusagia. Mwanagenzi wa fundi saa anakutwa amekufa kwenye sakafu ya duka, saa zote ukutani zinaendelea kugonga kama hazimjui, na Inspekta anakuja kutafuta nani kamuua. Mwanagenzi huyo ndiye mimi. Nilikwenda kuomba kazi ya kubeba taa. Foleni ilikuwa ndefu, nikalala kwenye benchi. Mwongozaji wa filamu akapita, akasimama, akaniinamia, akasema: "Huyu. Huyu ndiye aliyekufa."

Kipaji hakifichiki hata ukiwa usingizini.

Machi 5

Mvua. Nyumba tunayopigia picha ina paa la bati, na tone likianguka tu fundi wa sauti anavua visikilizio vyake na kutikisa kichwa kama daktari aliyekuja na habari mbaya. Tumekunywa chai tukarudi nyumbani.

Machi 6

Mwongozaji wetu tunamwita Mzee Kimya, kwa sababu hilo ndilo neno lake. "Kimya!" asubuhi, "Kimya!" mchana. Siku moja alipiga chafya akasema "Kimya!" badala ya kuomba radhi. Si mtu mbaya, ila ana mambo yake. Kubwa kuliko yote ni hili: hakuna mwigizaji anayejua hadithi inakwenda wapi. Asubuhi unapewa ukurasa wako wa siku hiyo, jioni unarudisha. Waliosoma riwaya wakajifanya wajanja, wakakonyezana. Mzee Kimya akawatazama juu ya miwani.

"Mliosoma kitabu," alisema, "msijisumbue. Kitabu kina mwenyewe, na filamu ina mwenyewe."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, maiti, ukifa vizuri hadi mwisho nitakupa sentensi moja. Siku ya mwisho kabisa. Tutarudi nyuma kwenye hadithi, tukuonyeshe ungali hai, unapewa kikombe cha chai, unasema kitu, unakunywa."

"Nasema nini, mzee?"

"Utajua siku hiyo."

"Na chai napewa na nani?"

"Kimya!"

Maana chai ndiyo iliyoniua. Ina sumu. Hilo tunalijua sote, limo kwenye ukurasa wa kwanza. Lakini nani kaileta? Nimetembea hadi nyumbani nikijiuliza. Si jambo dogo, kuuawa halafu usijue na nani.

Machi 9

Leo amekuja Mama Machozi. Hata wewe daftari unamjua, yule wa michezo yote ya televisheni, mama analia mlangoni, mama analia hospitalini, mama analia mwanawe kafungwa. Kwenye filamu yetu ni mjane mwenye nyumba anayenipangisha chumba na kunipikia. Kaja na kigoda chake mwenyewe, kakaa pembeni, hajasalimia. Nikasema moyoni, haya, malkia kafika, tutandike busati.

Halafu tukapiga picha ya yeye kunikuta nimekufa. Mimi chini, chaki imechorwa kunizunguka mwili mzima ili siku nyingine nilale pale pale. Yeye anaingia, ananiona, anavua shali yake, ananifunika. Basi. Hakuna neno. Lakini alivyopiga magoti! Nilisikia kifundo cha goti kikilia ko. Chozi lake likaniangukia sikioni, likaingia ndani, likawasha kama siafu, na mimi sijatikisika. Chumba kizima kikanyamaza bila kuambiwa.

"Kata," Mzee Kimya akasema, kwa sauti ndogo sana.

Hiyo ilikuwa picha ya mbali. Ya karibu, uso wake na mkono wake, tutaipiga mvua ikiruhusu. Nilipofumbua macho alikuwa bado kanishika bega.

"Sakafu ya baridi hii," alisema, "wamekulaza hata bila mkeka? Mwanangu, utakufa kweli."

Kumbe hakusalimia kwa sababu ya aibu. Anaogopa watu wapya, ameniambia mwenyewe. Televisheni yote ile, na anaogopa watu wapya.

Machi 10

Mvua.

Machi 12

Nimemwomba dada aniambie nani kaniua. Alikuwa anapiga pasi sare zake za kazi.

"Kitabu kiko pale juu ya kabati," alisema. "Soma."

"Kina kurasa nyingi, dada yangu. Wewe umeshasoma. Ni jina moja tu."

"Mtu kauawa na hataki kufuatilia kesi yake mwenyewe! Mvivu hata ukiwa maiti."

"Nakuomba."

"Sikwambii ng'o."

Nimekichukua. Kinanuka kabati. Nimesoma kurasa tatu kwa kidole. Mtunzi anaeleza sana mambo ya ukungu.

Machi 16

Mama Machozi sasa kila asubuhi ananiletea blanketi lililokunjwa nililalie mpaka kamera iwe tayari, kisha analiondoa. Ananiuliza nimekula nini. Ananiita mwanangu mbele ya watu. Kijana wa taa amenicheka, "Mtoto wa mama." Nikamwambia wivu utamkondesha zaidi, na tayari akisimama nyuma ya waya anapotea.

Machi 21

Ukurasa wa sitini na mbili. Namshuku Inspekta. Yule wa kwenye kitabu, lakini hata huyu mwigizaji wake. Anajipaka manukato mengi, na leo alipoinama kunikagua nilikaribia kupiga chafya. Akaniambia, "Kijana, maiti hanusi." Nikamwambia, "Mzee, kwa manukato haya hata maiti ananusa." Kicheko kikaharibu nusu saa. Mzee Kimya akasema kimya mara nyingi.

Machi 22

Chaki imefutwa na maji yaliyovuja juu. Dada Rangi, ndiye anayetupaka poda na kila kitu, amenichora upya akitazama picha aliyonipiga. Kidole changu kidogo kimetoka nje ya mstari. Kanikemea kana kwamba nimekihamisha makusudi.

Siruhusiwi kunyoa. Kichwa changu lazima kibaki kilekile hadi mwisho. Dada anasema nafanana na ufagio uliotumika.

Machi 29

NIMEMALIZA KITABU. Mimi! Chote! Dada hakuamini, kaniuliza maswali kama mwalimu, nikajibu hadi lile la ukungu. Akaniwekea nyama ya ziada bila kusema kwa nini.

Muuaji ni fundi cherehani. Yule mpole wa duka la jirani, anayeimba akishona. Mwanagenzi alikuwa anatengeneza saa ya mfukoni, akafungua kifuniko cha nyuma akakuta jina limekwaruzwa ndani, jina la mtu aliyepotea zamani. Akamwuliza fundi cherehani kwa nia njema tu, saa hii umeipata wapi? Jioni akaletewa chai. Maskini mimi.

Machi 31

Nimemtazama sana yule mwigizaji wa fundi cherehani. Mzee mnene, mcheshi, ana watoto saba. Akanipa andazi. Nikakataa.

"Kwani nimekukosea nini?"

"Wewe unajijua."

Aprili 2

Sasa hapa pana jambo. Fundi cherehani leo kaaga. Katupa mkono mmoja mmoja, kabeba begi lake, kamaliza kazi yake, kaenda kwao. Lakini picha ya chai haijapigwa! Nani ataniletea chai, kama muuaji amepanda gari na kuondoka na maandazi yake?

Nimemuuliza Dada Rangi. Hajui. Nimemuuliza mpiga picha, akasema, "Wewe kazi yako ni kufa." Nimemuuliza kijana wa taa, naye akasema labda nimejiua kwa sababu ya sura yangu.

Sijalala vizuri.

Aprili 4

Mvua.

Aprili 5

Mvua. Inspekta amenifundisha karata. Nimemshinda, kanuna.

Aprili 7

Mvua. Picha ya karibu ya shali bado. Mzee Kimya anatembea barazani mikono nyuma, anaitazama mvua kama inamtania.

Aprili 11

Kaa chini, daftari, leo ni ndefu.

Mchana mvua ilipungua, wakanilaza. Dada Rangi akanipaka ile poda ya kifo na povu dogo mdomoni, akaniambia nisiinuke hata kidogo, poda ikipasuka ataniua kweli. Kisha mvua ikarudi. Wote wakaenda kunywa chai barazani. Mimi nikabaki chini. Nikafunga macho nijizoeze.

Nikasikia viatu. Mzee Kimya na mpiga picha wakaja wakasimama juu yangu, mmoja huku, mmoja huku, kama mimi ni mfereji.

"Ile ya shali," mpiga picha akasema, "nianze usoni au mkononi?"

"Mkononi. Mkono uleule unaoleta kikombe."

"Kikombe si cha fundi cherehani?"

"Kwenye kitabu. Mimi fundi nimeshamrudisha kwao. Kwangu anayeua ni mama."

Mpiga picha akapiga mluzi. "Mwenyewe anajua?"

"Thubutu! Akijua, ataanza kuigiza muuaji. Atakuwa anaangalia kikombe, anaangalia mlango, anapima kila neno. Sasa hivi anampenda yule kijana, na watu watampenda yeye kwa sababu hiyo. Nataka wampende hadi dakika ya mwisho. Halafu siku ya chai nampa ukurasa, nampa dakika kumi, na kamera inatembea. Atatisha dunia nzima. Miaka yote hii wamemlizaliza tu yule mama, hawajui walicho nacho."

"Na huyu je?"

"Huyu nani?"

Nikahisi ncha ya kiatu karibu na ubavu wangu.

"Aa," Mzee Kimya akasema. "Huyu ni maiti tu."

Wakaondoka. Wakaondoka! Walisahau kwamba nina masikio. Hiyo ndiyo hasara ya kuwa hodari. Nimelala pale, moyo unapiga kuliko saa zote za ukutani, na kitu kimoja tu kichwani: Mama Machozi! Mama wa blanketi! Yeye ndiye kaniua!

Sijui kwa nini nilitaka kucheka na kulia mara moja. Na hapohapo nikajivuna. Filamu nzima, watu wazima na shule zao, na wanaojua ni watatu tu, na wa tatu ni mimi.

Aprili 12

Sikumwambia mtu. Leo nzima! Dada kaniuliza mbona midomo nimeibana kama mwenye jino bovu.

Mama Machozi alipoleta blanketi nilimtazama usoni kutafuta muuaji. Hayupo. Yupo mama mmoja tu aliyesahau miwani yake kichwani na anaitafuta.

Aprili 14

Nimesema.

Naandika jinsi ilivyokuwa ili nisije nikajidanganya baadaye. Mvua ilikuwa inanyesha, tuko jikoni mwa ile nyumba, Mama Machozi na mimi. Kaloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, maana goti linamsumbua tangu ile siku ya ko.

"Mwanangu," akaniambia, "nafikiri nitamwambia Mzee Kimya aniache niende."

"Uende wapi?"

"Kwa binti yangu. Nilee wajukuu. Jana wameniita kwenye mchezo mwingine. Nikauliza, nafanya nini humo? Wakasema, mama, unalia mwanao kapata ajali." Akacheka, lakini si kile kicheko chake. "Nimelia watoto wa watu hadi nimesahau idadi yao. Tangazo la sabuni liliniita, nikafurahi, kumbe nilie kwa sababu doa halitoki. Hapa nilipoitwa nikadhani, safari hii ni riwaya kubwa, nitapata kitu. Kumbe ni shali na machozi. Nimezeeka, baba. Nilitaka mara moja tu, kabla sijafa, watu waniogope."

"Wakuogope wewe?"

"Mara moja tu. Watoke pale wakitazama nyuma."

Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Alikuwa anaondoka! Alikuwa anataka kuondoka akiwa na kitu anachokitafuta mfukoni mwake mwenyewe, na yeye hajui, na mimi najua. Nikachutama karibu na beseni.

"Mama, usiende."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bado hujaniua."

Akanitazama kama mtoto mwenye homa. Nikamwambia yote. Kikombe, fundi cherehani kurudishwa kwao, dakika kumi, atatisha dunia nzima. Nilimpa maneno ya Mzee Kimya neno kwa neno, na sauti yake na kila kitu. Isipokuwa moja nililochelewa kulikumbuka, nikalisema mwisho, kama kitu kidogo: "Ila hupaswi kujua."

Hakusikia. Alikuwa amesimama ndani ya beseni, sketi imelowa, mikono mdomoni. Kisha akanikumbatia, nikalowa na mimi.

"Mimi?" akawa anasema. "Mimi ndiye?"

Sijawahi kumpa mtu zawadi ikapokelewa vile.

Aprili 15

Mama Machozi amekuja amepaka wanja. Anatembea kama ana miaka thelathini. Kanikonyeza mbele ya Inspekta. Tuna siri, mimi naye! Nimetembea siku nzima nikiwa mrefu.

Aprili 17

Mvua. Mama amenifunika blanketi, akaninong'oneza, "Lala salama, mwanangu," kwa sauti moja ya chini, mwili wote ukanisisimka. Kisha akauliza, "Imekutisha?" Nikasema sana. Akafurahi.

Naona amekuwa akijizoeza.

Aprili 19

Jua. Bati limekauka, fundi wa sauti kavaa visikilizio vyake akainua kidole gumba, na Mzee Kimya kasema leo ndiyo leo, picha ya karibu ya shali.

Nikalala kwenye chaki yangu. Kidole kidogo ndani ya mstari. Blanketi likaondolewa.

"Kimya! Anza."

Mama akaingia. Goti, ko. Shali ikavuliwa. Na mimi, macho yamefungwa, nikajua. Mara ya kwanza shali ilianguka juu yangu upesi, kama mtu anamfunika mtoto aliyelala mlango wazi. Safari hii ilishuka polepole. Ikasimama hewani. Ikashuka tena. Ilikuwa na adabu.

"Kata. Mama, tena. Kama mwanzo."

Tena. Polepole zaidi.

"Kata. Mama, umetazama kikombe."

"Nimetazama?"

"Umetazama. Kikombe hakikuhusu. Wewe mtoto wako kafa. Tena."

Tena, na tena. Mara ametazama mlango. Mara ametazama mkono wake mwenyewe. Mara chozi limekuja lakini limekuja kwa wakati wake, kama limeitwa jina. Nilisikia mpiga picha akipumua kwa pua. Dada Rangi akaja kunipangusa jasho mara nyingi, anasema leo maiti anatoka jasho kwa nini.

Mwishowe Mzee Kimya hakusema kata. Alikuja akachutama. Nilisikia magoti yake.

"Mama," akasema taratibu, "nani kakwambia?"

Kimya. Cha kweli.

"Kaniambia nini, baba?"

"Mama. Nani kakwambia?"

Na hapo mkono wa mama, uliokuwa juu ya shali, juu ya kifua changu, ukanibonyeza. Kidogo tu. Kama unavyombonyeza mtoto kanisani au msikitini asiongee.

"Hakuna," akasema. "Nimeotea tu. Nimezeeka kwenye kazi hii, nikiona njia naijua inakotokea."

 Mzee Kimya akainuka.

"Umechoka, mama," akasema. "Leo basi."

Aprili 20

Sikwenda kazini. Nimemwambia dada tumbo.

Aprili 22

Fundi cherehani amerudi, na begi lake. Mzee Kimya ametuita wote: mwisho utakuwa kama wa kwenye kitabu. Ile picha ya mbali ya shali itatumika peke yake, inatosha. Hakueleza zaidi. Inspekta akasema, "Nilijua," na hakujua chochote.

Mama Machozi kapewa ukurasa mpya. Nikamwona anausoma, miwani puani. Nikamwuliza kwa macho. Akanionyesha. Mjane analia kaburini.

Nikamfuata jikoni. "Mama, nitamwambia. Sasa hivi nitamwambia ni mimi."

"Utamwambia ili iweje? Nitasahau ninachokijua?" Alikuwa anakunja lile blanketi. "Wewe una sentensi yako. Akikufukuza utaisema wapi? Nyamaza."

"Lakini, mama…"

"Nimesema nyamaza, mwanangu. Nilifurahi siku nne. Si haba."

Aprili 26

Kaburini. Mama amelia mara moja, kamera moja, hakuna kurudia. Watu wa taa walipiga makofi. Kijana wa taa mwenyewe kajifuta pua na mkono. Mzee Kimya kambusu mkono akasema hakuna kama yeye.

Mama akachukua kigoda chake. Blanketi kaniachia. Gari lilipoondoka hakutazama nyuma.

Mei 1

Mvua inaisha. Kuna vumbi tena dirishani.

Mei 3

Siku ya sentensi yangu. Nimenyolewa kidogo, nimevalishwa shati la enzi za babu, nimekaa kwenye kiti kama binadamu. Mzee Kimya akanipa ukurasa. Una mstari mmoja.

*Asante, fundi. Leo imekolea sukari.*

Nikausoma kwa kidole. Neno "fundi" limeandikwa juu ya jingine lililokatwa kalamu. Sikuhitaji kulisoma.

Fundi cherehani akaniletea kikombe, anaimba wimbo wake. Nikapokea. Nikasema. Nikanywa. Mara moja tu, Mzee Kimya akasema kata, akasema safi, akasema huyu kijana ana kitu. Wakanibeba juu. Fundi cherehani akanipa andazi na leo nikalipokea.

Mei 4

Dada ameniuliza mbona tangu jana sijajisifu hata mara moja. Ameniwekea mkono kwenye paji la uso kuangalia homa.

Nimesoma tena humu siku ile mdomo wangu uliposema. Mdomo nimeusamehe. Nilitaka mama asiondoke, na nilitaka ajue kwamba mimi najua, nusu kwa nusu, na siku nne zile alikuwa mrefu kuliko mlango. Hilo ningeweza kulieleza hata kwa Mzee Kimya, kama ningelieleza siku ile. Labda angenifukuza mimi akamwachia yeye kikombe chake. Angempumzisha wiki moja, angerudia, angetafuta njia. Ni mtu wa kutafuta njia. Lakini alifikiri mama wa watu kachoka na kazeeka, na hadi leo anafikiri hivyo, na watu wengine watamsikia.

Kilichoharibika ni hiki. Mzee Kimya aliuliza mara mbili nani kasema. Mara ya kwanza sijabonyezwa bado. Mkono wa mama ulikuwa umelala tu juu ya kifua changu, haujaniambia ninyamaze wala niseme, na mimi nilikuwa pale chini, hai, na jibu mdomoni. Sikufumbua hata jicho. Dada Rangi ananiambia alitishika, alitaka kuja kunigusa shingo aone kama napumua.

Sijawahi kufa vizuri kama siku ile.